Sahihi ya Mama Hilda

Siku mliyoniaga pale idarani, baada ya hotuba na soda, mhadhiri msaidizi mmoja alinisogelea na sahani yake ya pilau akaniuliza kwa adabu, "Samahani Dokta, hivi udaktari wako ulikuwa wa nini hasa?" Nikamjibu, "Wa mabango." Akacheka, akidhani natania. Kicheko chake nimekaa nacho wiki tatu. Sasa kwa kuwa sina tena vikao vya kuhudhuria, nimeona nimjibu vizuri, yeye na ninyi wenzake mnaofundisha kozi ya herufi bila kujua ilipitia wapi mpaka ikafika mikononi mwenu.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya ushirika yalikuwa yamefungwa au yamebaki na viberiti na sabuni za mche tu, na kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikuwa amefungua biashara yake. Saluni, mashine ya kukamua alizeti, duka la mitumba, duka la dawa baridi, hoteli ya chai na chapati. Kila biashara ilitaka jina, na jina lilitaka mtu wa kuliandika. Mimi nilikuwa mwalimu wa sanaa chuoni, na kila nilipokwenda likizo nyumbani kwetu Utemini, niliukuta mji wa Singida umeongeza herufi. Hakuna kitabu hata kimoja kilichozitaja. Nikaomba kusoma shahada ya uzamivu katika chuo kimoja cha ng'ambo, ya aina ambayo kwetu ilikuwa bado haijazoeleka. Katika shahada hiyo huandiki tu habari za kazi fulani. Unaifanya kwa mikono yako, na mtahini anakuja kuitazama, kisha anasoma ulichoandika.

Bodi ya chuo chetu ilinikalisha saa nzima. Mjumbe mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo utapaka rangi kwenye kuta za watu, halafu sisi tukuite daktari?" Nikasema ndiyo, mheshimiwa. Akauliza mgonjwa atakuwa nani, wakacheka wote, nami nikacheka kwa sababu nilikuwa nahitaji kura zao. Mwishoni waliniruhusu kwa sharti moja. Nikirudi na shahada, kozi ya herufi na mabango itaanzishwa. Nikirudi bila shahada, nitaendelea kufundisha kuchora matunda kwenye bakuli, na habari ya kozi isisikike tena. Matunda kwenye bakuli nilikuwa nimeyafundisha miaka tisa, na tangu mwaka wa pili nilikuwa siyataki.

Mwalimu wangu wa kweli aliitwa Fundi Shabani. Alikuwa na kibanda nyuma ya stendi, mwembamba, kofia yake ina rangi zote alizowahi kununua. Alikuwa akiandika chochote, kuanzia ubavu wa lori hadi msalaba wa kaburi, yeye Mwislamu safi, na Wakristo wakimwita kutoka mbali kwa sababu rangi ya msalaba wake haikuwa ikichuja kwa mvua ya kwanza. Nilimpa shikamoo, nikamweleza nilichotaka. Akaitikia marahaba, akanitazama toka viatu hadi nywele.

"Chuo kizima huko hakuna mtu wa kukufundisha kuandika?"

"Yupo, Fundi. Ndiye mimi."

"Basi tabu ipo," akasema. Akanipa brashi iliyokauka niioshe kwa mafuta ya taa.

Nilikwenda na rula ya chuma na daftari la miraba. Siku ya kwanza nilipima ubao wa plaiwudi mpaka saa sita, nikagawa nafasi ya kila herufi, nikachora kwa penseli. Fundi alikuwa amekaa kwenye kopo lililopinduliwa akinywa chai. Nilipomaliza, aliuchukua ule ubao, akautundika kwenye mti wa ng'ambo ya barabara, akaniambia nipite mbele yake nikikimbia huku nausoma. Wasafiri wa stendi walifurahi sana siku hiyo. Nilikimbia mara tatu na kitenge changu, na mara zote tatu sikuweza kusoma neno la mwisho.

"Wewe umemwandikia mtu aliyesimama," akasema. "Mteja wa barabarani yuko ndani ya basi, amechoka, mtoto anamlilia, na dereva hana mpango wa kusimama. Huyo ndiye unayemwandikia."

Nimesoma vitabu vingi vya usanifu wa herufi tangu hapo, vingine vizito mno kuvisoma kitandani, na sijakuta kilichosema zaidi ya hayo. Mengine aliyonifundisha ni haya, nayaandika kwa sababu najua hamyafundishi. Anza herufi za katikati, kisha nenda pembeni, usije ukabanwa mwishoni ukaipandisha A ya "KUKOBOA" juu ya paa. Piga uzi wenye vumbi la mkaa ili upate mstari, kisha ufute vumbi kabla upepo wa Singida haujakufutia wenyewe. Kivuli cha herufi kiwe upande wa chini kulia, siku zote, hata kama jua liko kwingine. Na ukipanda ngazi ukiwa mwanamke, vaa suruali ndani ya kitenge, kwa maana wapo watakaokuja kusoma bango kabla hujaliandika.

Mama yangu kule Utemini alinivumilia. Jioni moja nikisugua rangi kwenye kucha alisema, "Nilikusomesha utoke juani." Lakini kesho yake nilimkuta akimwonyesha jirani bango la duka la dawa, akimwambia ile D ni ya mwanawe. Nilijifanya sikusikia.

Baada ya mwaka mmoja, Fundi alinipa kazi yangu ya kwanza ya peke yangu. Yeye alikuwa ameitwa Kintinku kuandika jina la mashine ya kusaga, kazi ya siku kumi. Kazi yangu ilikuwa Iguguno, pale mabasi na malori yanaposimama. Mama Hilda alikuwa na hoteli pale, chumba kimoja, meza nne, wali, kuku wa kienyeji na mlenda. Bango lake la bati lilikuwa limechakaa. Lilisomeka KALIBU HOTELI.

Nitasema ukweli. Nilipoiona ile L, moyo uliruka kwa furaha. Darasa la tatu mwalimu wangu alinichapa mbele ya wenzangu kwa kusema "lafiki", na tangu siku hiyo sijawahi kuiacha L iliyokaa mahali pa R ikapita salama. Mama Hilda alikuwa jikoni na wateja wake, akaniambia tu, "Andika kama lilivyokuwa, mwalimu, ila ling'ae." Nililing'arisha. Nyekundu juu ya njano, kivuli cheusi, herufi zinasomeka kutoka kwenye basi lililo mwendoni. Nikaandika KARIBU HOTELI. Nilimtendea hisani bila kumwambia, kama tunavyopenda kufanya sisi tuliosoma.

Niliporudi wiki ya pili kupiga picha, nilimkuta amekaa nje, mikono mapajani, saa saba mchana, saa ambayo hakuwa akipata hata nafasi ya kujikuna. Alinikaribisha, akanipa maji. Kisha akasema kwa upole, na ule upole ndio uliniumiza, "Mwalimu, watu wangu wanapita."

Sikuelewa. Ikabidi anionyeshe kwa kidole. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na hoteli mbili mpya, na zote ukutani zimeandikwa KARIBU. Kinyozi ameandika KARIBU. Duka la soda, KARIBU. Madereva na makondakta walikuwa wakiwaambia abiria, "Tutakula Kalibu," kwa L, kwa utani mwanzoni, kisha likawa jina la kituo kabisa. Walikuwa na mahali pa kutafuta kwa macho. Kwa L lilikuwa jina lake. Kwa R likawa salamu tu, na salamu kila mlango ulikuwa nayo.

Fundi aliporudi kutoka Kintinku nilimweleza. Hakunigombeza. Aliuliza, "Alikwambia uandike nini?"

"Kama lilivyokuwa."

"Na wewe?"

"Nilisahihisha."

"Hapo sasa," akasema. "Mimi najua karibu inaandikwaje, mwalimu. Madrasa nimesoma na shule nimesoma. Lakini mwenye mlango akisema Kalibu, mimi nani?"

Nilirudi Iguguno na rangi yangu mwenyewe. Safari hii tuliliacha bati, nikaandika ukutani, ukuta mzima, KALIBU, L ikiwa ndefu kuliko wenzake ili ionekane toka kona. Wateja walirudi. Sura nzima ya tasnifu yangu ilitokana na ile L, na ndiyo sura pekee niliyoiandika bila kulazimishwa. Baada yake nikaandika kuta nyingine kumi na moja za Iguguno, kila moja kama mwenyewe alivyotamka. Kuta hizo kumi na mbili ndizo alizokuwa aje kuzitahini mtahini kutoka ng'ambo.

Alitakiwa kufika Alhamisi. Jumanne nilikwenda kuzikagua. Nilishuka kwenye basi nikadhani nimeshuka kijiji kingine. Kuta zote zilikuwa nyekundu. Kampuni moja ya soda ilikuwa imepita, imewapa wenye hoteli jokofu, na badala yake imechukua kuta. Kazi yangu ya miaka miwili ilikuwa chini ya rangi ya soda. Na juu ya ngazi, kwenye ukuta wa mwisho, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko, alikuwa Fundi Shabani.

Nililia palepale barabarani. Siyo kwa heshima, nililia kwa hasira.

"Fundi, umenifuta!"

Alishuka taratibu. Alikuwa amechoka na nilimwona ana aibu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Walikuja na gari, mwalimu. Wakasema nisipopaka mimi, wanaleta fundi wao kutoka mjini. Nikaona afadhali mkono unaozijua kuta." Kisha akasema, "Lakini nilipaswa kukupa habari. Hilo ni kosa langu."

Mama Hilda alitoka na kikombe cha chai akaniwekea mkononi. Hakuomba radhi kwa kuchukua jokofu, na hakupaswa. Maji yake ya kunywa yalikuwa ya baridi kwa mara ya kwanza tangu afungue hoteli.

Nilipoacha kulia ndipo nikaona. Juu ya kila mlango kampuni ilikuwa imeacha ukanda mweupe wa kuandika jina la duka, na ukanda ule ulikuwa bado mtupu. Fundi alikuwa amepewa orodha ya majina iliyopigwa chapa, yote yamenyooshwa. Nilitafuta la Mama Hilda. KARIBU HOTELI. Nikamwomba Fundi asiandike chochote mpaka Alhamisi.

Mtahini alikuwa mama mrefu, mkimya, aliyekuwa amekwisha kuungua pua kabla ya saa nne. Nilimweleza ukweli, kwamba kazi aliyoifuata imefunikwa. Kisha nikapanda ngazi. Nilitahiniwa nikiwa juu, brashi mkononi, nikiandika majina kumi na mawili kwenye nafasi finyu tuliyoachiwa na kampuni, huku yeye akiuliza maswali kutoka chini na Fundi akipiga kelele kwamba U imelala. Tulianzia kwa Mama Hilda, naye akasimama mlangoni na mwiko mpaka alipoiona L, ndipo akarudi jikoni. Kuelekea jioni mtahini aliniomba nimuulize Fundi mimi ni mwanafunzi wa namna gani.

"Mwambie mkono mzito," Fundi akasema. "Lakini ukimwonyesha kosa lake hanuni zaidi ya siku moja."

Nilitafsiri sehemu ya kwanza tu. Mtahini akacheka na kuandika kitu kwenye daftari, na alipoondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilijua nimefaulu. Nilimnunulia Fundi kuku mzima.

Ila kulikuwa na mtahini wa pili, ambaye hakusafiri. Huyu alikuwa na kamusi. Baada ya miezi minne ilikuja barua pamoja na orodha ya makosa ya kurekebishwa kabla shahada haijatolewa. Mengi yalikuwa ya haki, nukta na tarakimu za kurasa. La mwisho lilisema kwamba neno Kalibu halimo kwenye kamusi ya Kiswahili, limekosewa mara arobaini na moja, na lisahihishwe kote. Fikirini hiyo sura ingesomekaje. "Nilipobadilisha KARIBU kuwa KARIBU, wateja walipotea."

Nilimwandikia Profesa aliyekuwa akinisimamia kule ng'ambo. Akajibu kwamba ananiunga mkono, lakini mtahini wa pili ameshikilia msimamo. Kitakachokubalika ni kitu kimoja, karatasi kutoka kwa mwenye jina, kwa mkono wake, ikithibitisha kwamba ndivyo linavyoandikwa. Ruhusa yangu ya masomo ilikuwa imebaki wiki sita, na barua peke yake ilichukua tatu. Bodi ilikuwa imeshaniuliza mara mbili kama nimemaliza. Nilikiri moyoni kwamba kubadilisha maneno arobaini na moja ilikuwa kazi ya alasiri moja kwa mashine ya chapa, na kwamba Iguguno hakuna ambaye angejua.

Nikaenda Iguguno. Fundi alinisindikiza. Mama Hilda alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema, "Leta wino niweke dole."

Ndivyo alivyokuwa akisaini kila kitu, hata karatasi za lile jokofu. Alikuwa amesoma ngumbaru zamani, akaacha alipopata watoto. Fundi akatikisa kichwa. "Dole halina L, mama. Hawa wanataka kuiona L."

"Basi niandikie wewe, si ndiyo kazi yako?"

"Hapana. Wametaka sahihi yako. Nikiandika mimi itakuwa yangu."

Mama Hilda aliendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka. Nilijua ninachomwomba. Mama mwenye hoteli yake, anayeheshimiwa na madereva wa malori, nilikuwa namwomba akosee mbele yetu mpaka apatie. Nilifungua kinywa nimwambie aache, nitabadilisha tu. Akanitangulia. "Subirini wateja wa mchana waishe," akasema.

Walipoisha alifunga mlango wa mbele. Tulikwenda nyuma, kwenye ukuta wa jikoni ambao kampuni haikuutaka. Fundi alichukua kipande cha mkaa, akaandika KALIBU mara moja, kubwa, akampa ule mkaa, akasogea pembeni. Mama Hilda aliandika chini yake. Akafuta kwa kitambaa cha vyombo. Akaandika tena. K ilimsumbua, mikono ya herufi haikukubali kwenda pande mbili. Fundi hakumshika mkono hata mara moja, alisema tu, "Tulia hapo. Teremka. Haya." Nilikuwa nimefundisha watu kuchora kwa miaka tisa, na sikuwahi kumfundisha mtu hivyo. Mpaka kufika saa kumi ukuta wote ulikuwa mweusi, na Mama Hilda usoni ana alama ya mkaa ambayo hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia.

Tulirudi ndani. Nikaweka karatasi mezani, juu yake nimepiga chapa sentensi moja, kwamba jina la hoteli hii linaandikwa hivi na mwenyewe. Akachukua kalamu, akainama. Akaandika KALIBU. L ilisimama imara kuliko herufi zote.

Nikanyoosha mkono nichukue karatasi. Akaizuia kwa kiganja. "Bado," akasema. "Si mmesema sahihi?"

Kwa miaka yote ile alikuwa Mama Hilda, na sikuwahi kumuuliza jina alilopewa na wazazi wake. Akaliandika chini, polepole, bila ukuta, bila Fundi, kwa herufi alizokuwa amezitunza tangu ngumbaru na nyingine alizojifunza mchana ule. MALIAMU.

Fundi Shabani alinitazama. Nilijua anachosubiri. Mkono wangu ulikuwa mezani, na kalamu ilikuwa karibu.

"Nimekosea?" Mama Hilda akauliza.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ni sahihi."